Samaki wa dhahabu na joto la Dodoma
Ukimnunulia mtoto samaki wa dhahabu, achana kabisa na bakuli la duara. Hukua wakapita kiganja na wanachafua maji haraka. Kwa wawili tafuta tangi la kioo la lita 100 au zaidi, lenye chujio. Maji ya bomba yakinge kwenye ndoo pana, yakae wazi siku nzima klorini, dawa ya kuulia vijidudu, ipungue. Ule ugumu wa maji yetu ya visima, unaoacha ukoko mweupe kwenye birika, hauwasumbui. Joto la Oktoba na Novemba ndilo la kuogopa: maji yakipata moto hewa hupungua, utawaona wanapanda juu kuhema. Tangi likae mbali na jua la dirishani, pampu ya hewa isizimwe. Kila wiki badilisha robo ya maji tu. Chujio lisuuze kwa maji yaliyotoka tangini, kwani klorini ya bomba inaua bakteria wazuri wa chujioni wanaosafisha maji.