Somo: Kubadili gasketi ya silinda hedi mwenyewe nyumbani (Corolla 110, injini 5A-FE)

Wakuu, habari za leo. Wiki hii tu nimetumiwa ujumbe na watu wanne, wote swali moja: gari ilichemsha, fundi kasema gasketi (bamba jembamba linaloziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, yaani mwili wake) imeungua, naweza kufanya mwenyewe? Nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole gumba. Naliweka hapa lote, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Nazungumzia 5A-FE, cc 1498, iliyojaa kwenye Corolla 110. Ndugu zake 4A-FE na 7A-FE wanafunguka vile vile. Mwenye injini ya VVT-i (inayojibadilishia muda wa valvu) asinifuate, hiyo ina mambo yake. Kazi ni siku mbili kamili, na ya tatu ukipeleka hedi kwa wenye mashine. Usianze Jumamosi mchana halafu Jumatatu unaitegemea gari hiyo hiyo ikupeleke kazini.

Hakikisha kwanza kwamba ni gasketi. Gari ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa injini, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo hata ukisubiri, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha, maji yanapungua na chini hakuna tone, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Dalili moja peke yake haitoshi. Mfuniko mbovu wa rejeta nao unapoteza maji, na bei yake ni ya chipsi mayai. Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, nimeona mtu aliyebabuka kifua.

Vifaa: soketi za 10, 12, 14 na 17, soketi ndefu ya plagi, toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza (azima kama huna, bila hiyo usianze), fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), rula ya chuma iliyonyooka, sirinji kubwa ya duka la dawa, rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha.

1. Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji na oili.

2. Toa boksi la chujio la hewa, distribyuta na waya zake, plagi. Piga picha kila kitu kabla ya kugusa.

3. Mpira wa petroli una presha. Fungua kwanza mfuniko wa tangi, funga kitambaa kwenye nati, legeza taratibu. Hapo asiwepo mvuta sigara wala jiko la mkaa la jirani.

4. Manifoldi ya ekzosi. Nati zake zina kutu, zimwagie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Ya kuingizia hewa ukitaka iache ishuke pamoja na hedi, ila tafuta mtu wa kukusaidia kunyanyua.

5. Weka pistoni ya kwanza juu, alama ya puli kwenye 0. Tia rangi kwenye belti, kwenye gia ya kamu (shafti inayofungua valvu) na kwenye chuma nyuma yake. Legeza tenshona (kikaza belti), vua belti. Kama hujui belti iliwekwa lini, weka mpya.

6. Kamshafti. Belti inazungusha kamu moja, na hiyo inaizungusha mwenzake kwa gia. Kwenye gia ya ile inayozungushwa kuna bamba la pili lenye springi. Kabla hujaitoa, funga boliti ndogo ya M6 (kichwa namba 10) kwenye tundu lake ili bamba lisifyatuke. Ukisahau, kurudisha utatumia mikono mitatu. Vishikizo vya kamu vilegeze kidogo kidogo, kwa zamu, ili kamu inyanyuke sawa pande zote. Ikipanda upande mmoja inaweza kukatika. Vimeandikwa namba na mshale, usivichanganye.

7. Boliti 10 za hedi. Legeza kuanzia pembeni kuja katikati, kwa awamu tatu. Ziko za aina mbili: milimita 90 upande wa kuingizia hewa, milimita 108 upande wa ekzosi. Zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake.

8. Nyanyua hedi. Ikigoma usichomeke bisibisi katikati, utakwaruza uso. Igongee pembeni kwa kipande cha mbao.

9. Pima. Weka rula ya chuma kwenye uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, jaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.05. Ikipita popote, hedi inaenda kwenye mashine kusawazishwa. Pima na bloku hivyo hivyo. Na kama gari ilichemsha hadi ikazima yenyewe, hedi ipimwe na nyufa, usikisie kwa macho. Kwa walioko Dar, Gerezani wapo wenye mashine hizo. Simama pale pale wanapochonga, wakwangue kiasi cha kunyoosha tu.

10. Safisha nyuso kwa wembe na uvumilivu. Hedi ni alumini, msasa wa mashine unachimba mabonde usiyoyaona.

11. MATUNDU YA BOLITI KWENYE BLOKU. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukinyanyua hedi, maji yaliyobaki kwenye njia zake yanamwagika juu ya bloku na kujaa kwenye matundu ya boliti. Matundu hayo yana kitako, maji hayana pa kutokea. Mara yangu ya kwanza nilipitisha kitambaa juu juu, nikaona pamekauka, nikaweka gasketi mpya, nikaanza kukaza. Upande wa ekzosi boliti mbili zilikuwa ngumu mapema. Toki renchi ililia "tak" na mimi nikafurahi. Kwenye mzunguko wa nyuzi 90 (hatua ya 13) zikagoma kabisa nikasema basi, hizi zimeshakaza kuliko wenzake. Kumbe zilikuwa zinasukuma maji, na maji hayabonyei. Kichwa cha boliti hakikuwa kinaibana hedi hata kidogo. Siku ya 11, nikiwa Mlandizi na familia ndani, mshale wa joto ukapanda. Nilipofungua tena, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne, jirani kabisa na boliti zile mbili. Nashukuru ilikuwa hivyo, kwa sababu ningetumia bomba refu kulazimisha ningepasua bloku, na hapo ni kununua injini.

Kwa hiyo: vuta kila tundu kwa sirinji yenye mpira mwembamba mbele. Kisha zungushia kitambaa kwenye bisibisi nyembamba, shuka hadi chini, toa, tazama kama kimelowa. Kikitoka kimelowa, rudia. Mwenye pampu ya upepo apulize, ila afunike macho na silinda. Halafu ingiza kila boliti kwa vidole bila hedi: inatakiwa ishuke kwa vidole tu. Ikigoma njiani kuna maji, uchafu au uzi ulioharibika.

12. Gasketi inawekwa kavu. Hakuna silikoni, hakuna gundi. Linganisha matundu yote, hasa la oili, ukiigeuza utaliziba.

13. Kukaza. Paka uzi na chini ya kichwa cha boliti oili kidogo sana, ifutike. Anza katikati ukizunguka kwenda nje, kwa awamu, hadi Nm 29 kwenye toki renchi. Sasa kila kichwa kitie nukta ya rangi ya kucha upande wa mbele ya injini, kwenye belti. Zungusha zote nyuzi 90 kwa mpangilio ule ule. Kisha 90 nyingine. Nukta zote zikitazama nyuma umemaliza. Moja ikitazama pembeni umeiruka.

14. Vishikizo vya kamu ni Nm 13 tu. Ni uzi ndani ya alumini, ukitumia nguvu za kufungua tairi umeuvua.

15. Rudisha belti kwa alama zako, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zirudi mahali pake. Kisha pima nafasi za valvu.

16. Oili mpya na filta, kulanti, toa hewa: gari ipande kidogo mbele, hita ya ndani iwe moto, mfuniko wazi hadi mapovu yaishe. Baada ya kilomita 500 badili oili tena kama ile ya zamani ilikuwa na maji.

Maswali chini.

Dogo_wa_Mbagala: Mkuu gari yangu inachemsha tatizo nini?

Mwandishi: Gari gani? Inachemsha kwenye foleni au ikikimbia? Maji yanapungua? Aya ya tatu imeandikwa kwa ajili yako.

Dogo_wa_Mbagala: Ni Vitz. Foleni.

Mwandishi: Foleni tu, barabara kubwa iko sawa? Tazama feni kama inazunguka. Usifungue hedi.

Chuma_Chakavu: Mnawatisha watu bure. Fundi wangu ana miaka 20 anakaza kwa mkono, hana hiyo toki renchi yenu, na gari zinatembea.

Mwandishi: Sijasema hazitembei. Na mimi yangu ilitembea, ikafika Mlandizi. Fundi wa miaka 20 mkono wake umeshajua. Anayesoma hapa anafungua hedi yake ya kwanza, mkono wake haujui kitu.

Chuma_Chakavu: Haya mkuu, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika. Toki renchi inaazimwa.

Mama_Ti: Kaka shukrani kwa somo. Nina Carina Ti ya 7A, nimeshafika hatua ya 8 na mdogo wangu. Naomba kuelewa kitu: kwa nini Nm 29 halafu nyuzi? Si wangetoa namba moja kubwa ya toki tukamaliza?

Mwandishi: Dada, swali zuri. Toki renchi inapima ugumu wa kuzungusha, haipimi jinsi boliti inavyobana. Sehemu kubwa ya ugumu huo inaliwa na msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa. Boliti moja ikiwa kavu na nyingine ina oili, zote zitalia kwenye namba ile ile lakini ile kavu inabana kidogo sana. Ukiizungusha kwa nyuzi, uzi unashuka kiasi kile kile kwa kila boliti, kwa hiyo zote zinavutika sawa. Ichukulie boliti kama springi ngumu. Nm 29 ni ya kukalisha kila kitu, nyuzi 180 ndizo zinazoivuta springi. Na inahitajika kuwa springi kwa sababu hedi ni alumini na bloku ni chuma cha kusubu. Alumini inapopata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi inanenepa ikipoa inasinyaa, na boliti lazima iifuate.

Mama_Ti: Na kuanzia katikati?

Mwandishi: Ili gasketi inyooke kwenda nje. Ukianza pembeni mbili, kinachozidi kinakwama katikati. Ni kama kutandika godoro dogo kwenye kitanda, ukibana ncha zote mbili kwanza katikati linabinuka.

Boss_Grogan: Sasa mkuu, niko Nairobi na 110 kama yako. Mekanika alitoa thermostat (ile valvu ya joto ya njia ya maji) akasema huku kwetu hakuna baridi, haina kazi. Nirudishe ama niache?

Mwandishi: Rudisha. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini joto lake haraka. Bila hiyo injini inakimbia baridi, inakula petroli, na ugonjwa wa kuchemsha unafichika hadi siku ya mlima. Wengi wanaitoa kwa sababu ni rahisi kuliko kutafuta chanzo. Na tazama mfuniko wa rejeta: ukiwa wa presha ya bar 0.9 na mzima, maji ya kawaida yanafika karibu nyuzi 118 kabla hayajachemka. Sili ikichoka unarudi 100 ya sufuria, na huko Nairobi hata chini ya hapo kwa sababu mko juu.

Boss_Grogan: Hiyo ya altitude sikuwa nimeifikiria. Asante sana.

Spea_Kariakoo: Nyongeza: boliti ndogo pangeni kwenye trei ya mayai, kila shimo na hatua yake. Ukimaliza na trei ina boliti, rudi nyuma.

Mwandishi: Hii naiba.

Kipepeo77: Fundi alitia bizari kwenye rejeta kuziba tundu, na kweli liliziba. Itasumbua?

Mwandishi: Iliziba tundu, na vijia vya rejeta pia. Toa rejeta uisafishe kabla hujaja kuuliza habari za hedi.

Dogo_wa_Mbagala: Mkuu feni haizunguki. Nibadili gasketi?

Mwandishi: Hapana. Feni. Anza na fyuzi.

Mama_Ti: Kaka nimerudi. Tundu la nne upande wa ekzosi limetoa sirinji nzima ya maji, na juu palikuwa pakavu kabisa. Mdogo wangu alishasema tuweke gasketi.

Mwandishi: Liache usiku kucha, asubuhi vuta tena. Huwa yanachuruzika kutoka kwenye njia za maji za jirani.

Mama_Ti: Nimevuta. Nusu sirinji nyingine.