Kupima mvuke wa maji angani kwa antena ya GPS, ukiwa Mombasa

Mawimbi ya setilaiti huchelewa kidogo yanapopita hewani. Kwa setilaiti iliyo utosini, na wewe ukiwa karibu na usawa wa bahari, kuchelewa huko ni sawa na kurefusha njia kwa mita 2.4 hadi 2.7 hivi. Takriban mita 2.3 ni za hewa kavu, zilizobaki ni za mvuke. Kazi yote ni kuzitenganisha.

1. Antena. Tafuta kipokezi cha masafa mawili, yaani kinachopokea mawimbi ya frikwensi mbili. Simu ya kawaida haitoshi. Masafa mawili yanaondoa athari za ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, ambayo kwetu karibu na ikweta huwa na vurugu hasa jua likishazama. Funga antena juu ya paa la zege, mbali na tenki la maji, mabati na dishi la jirani. Tumia skrubu zisizoshika kutu, maana chumvi ya hapa haina huruma.

2. Kurekodi. Saa 24, kila sekunde 30. Geuza data iwe RINEX, muundo wa kawaida wa faili za GPS, kisha uitume CSRS-PPP, huduma ya bure ya serikali ya Kanada ya kuchakata data za GPS. Utarudishiwa, pamoja na mengine, faili la kuchelewa kwa wima. Tuseme limesoma mita 2.610.

3. Mgandamizo wa hewa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wakidhani ugumu uko kwenye setilaiti. Kosa la hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo) linapotosha mvuke kwa karibu milimita 0.4. Namba ya uwanja wa ndege wa Moi usiichukue ilivyo: imeshapelekwa kwenye usawa wa bahari. Ukiwa mita 30 juu, toa hektopaskali 3 na ushei.

Sasa, hizo mita 30 umezitoa wapi? Ukiiuliza GPS, huenda ikakwambia paa lako liko chini ya bahari. Usicheke, haijaharibika. Inapima kutoka kwenye duaradufu ya kihesabu, umbo laini linalokadiria dunia, na bahari ya Mombasa imelala zaidi ya mita 20 chini ya duaradufu hiyo. Sahihisha kwanza kwa EGM2008, modeli inayoonyesha usawa wa bahari uko wapi ukilinganishwa na duaradufu. Bora zaidi, nunua barometa nzuri uiweke kimo kimoja na antena, mjadala umekwisha.

4. Hesabu. Barometa inasoma hektopaskali 1010. Zidisha kwa 0.0022768, namba isiyobadilika ya fomula ya hewa kavu, gawa kwa 0.9974 (sahihisho la latitudo yetu, nyuzi 4 kusini): mita 2.306, hewa kavu. Toa kwenye 2.610, inabaki 0.304.

Tuseme halijoto ya hewa hapo ulipo ni nyuzi 28 za Selsiasi, yaani kelvini 301. Fomula ya Bevis ya 1992, 70.2 + 0.72 × 301, inatoa kelvini 287 kama wastani wa halijoto ya safu ya hewa iliyo juu yako. Ilitokana na vipimo vya Marekani, lakini joto la pwani halibadiliki sana, kwa hiyo haitusumbui. Kwa 287, kizidishi cha kugeuza kuchelewa kuwa kina cha maji ni 0.1636: milimita 304 × 0.1636 = milimita 49.7. Mvuke wote ulio juu yako ungekuwa maji, ungefika kina hicho.

5. Kuhakiki. Malindi kuna kituo cha kimataifa cha GPS, MAL2. Kokotoa mvuke wake pia, uchore mistari miwili ya wiki nzima. Ipande na kushuka karibu pamoja. Wako ukikaa juu au chini kwa kiasi kilekile kila siku, kagua barometa na kimo kabla hujagusa antena.