Kutoka Mombasa hadi kazi ya kwanza Marekani: karatasi zitangulie

Maelezo haya ni ya mtu ambaye viza ya uhamiaji iko tayari ndani ya pasipoti, au amebakisha usaili tu pale ubalozini Gigiri. Mwenye viza ya utalii haruhusiwi kuajiriwa Marekani, hata kuosha vyombo mkahawani. Ajenti akikwambia "ukifika utajipanga", ameshakula pesa yako.

Anza na jina. Pwani tuna mazoea ya majina matatu bila ukoo, na pasipoti nyingine huyabeba yote kwenye mstari mmoja. Tuseme Mwanaisha Juma Bakari yote yameangukia mstari wa ukoo, na mstari wa jina la kwanza uko mtupu. Viza itatoka na herufi FNU mahali pa jina la kwanza, yaani halijulikani. Herufi hizo zitamfuata Mwanaisha hadi benki, kwenye leseni na kwenye hundi ya mshahara. Kurekebisha pasipoti Idara ya Uhamiaji kabla ya usaili ni usumbufu wa muda. Kurekebisha ukiwa Marekani ni kugonga mlango wa kila ofisi, mmoja mmoja.

Lipa ada ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, mtandaoni kabla ya kusafiri. Aprili 2024 ilipandishwa kuwa dola 235, na kadi ya ukaazi, yaani Green Card, haichapishwi kabla haijalipwa. Ukipewa bahasha iliyofungwa na ubalozi, usiifungue. Iweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na picha ya eksirei uliyopewa hospitalini, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa cha kadhi, KCSE, vyeti vya chuo na barua za waajiri. Begi kubwa huweza kupotelea njiani, karatasi hizi zisiwemo. Miraa na muguka viache Mombasa, hata kishada kimoja: kathinoni iliyomo imewekwa na sheria ya Marekani daraja moja na heroini.

Uwanja wa ndege wa kwanza unaotua Marekani ndiko afisa atakakokuchukua alama za vidole na kugonga muhuri. Viza ya uhamiaji ikishagongwa muhuri ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka 1, na hapa ndipo wengi wanapojichelewesha. Wanakaa kwa mwenyeji wakingoja Green Card, ambayo yaweza kuchukua hadi siku 90, na kumbe wangekuwa kazini. Mwajiri hujaza fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Wewe unajaza sehemu yako siku ya kwanza ya kazi, na una siku 3 za kazi za kuonyesha hati. Pasipoti yenye viza hiyo na muhuri yatosha peke yake. Mwajiri haruhusiwi kukuchagulia hati. Akisisitiza Green Card tu, mwoneshe orodha iliyo kwenye fomu yenyewe.

Kadi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, ni bure. Kama uliiomba kwenye fomu ya viza, ipe wiki 3, isipofika nenda ofisini kwao na pasipoti. Sababu ya kutofika mara nyingi ni ya kijinga: umefikia kwa binamu kwenye ghorofa, na sanduku la barua lina jina lake peke yake, basi barua ikarudishwa. Bandika jina lako siku ile ile unayofika. Ukihama, wajulishe USCIS ndani ya siku 10.

Wasifu ule tuliozoea, wenye picha, dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho, hautakiwi huko. Andika ukurasa mmoja, kazi ya karibuni juu. "Karani bandarini" haimwambii kitu msimamizi wa ghala la Ohio. Mwandikie ulikagua makontena mangapi kwa zamu, kwa mfumo gani wa kompyuta. Tarehe pia hubabaisha, kwani wao hutanguliza mwezi: 04/07 ni Aprili 7, si Julai 4. Vituo vya American Job Center husaidia wasifu na kutafuta kazi bila malipo.

Kazi za kuanzia ni ghala, hoteli, jikoni na kutunza wazee. Ya wazee yafaa ukitaka kupanda: mafunzo ya msaidizi wa wauguzi ni saa 75 kwa uchache kisheria, majimbo mengine huongeza. Muuguzi aliyesajiliwa Kenya anayetaka leseni ya uuguzi huko aanze kuagiza nakala za matokeo ya masomo kabla hajaondoka, kwa kuwa lazima chuo kizitume chenyewe, na kufuatilia masijala ukiwa Minnesota ni kazi bure. Aliyezoea Kilindini aombe kadi ya TWIC, kitambulisho cha wafanyakazi wa bandarini. Bila hiyo hupiti peke yako maeneo ya ulinzi bandarini.

Usipige hesabu ya mshahara kwa shilingi. Dola 15 kwa saa, kwa wiki ya saa 40, ni dola 600, lakini Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) hukata asilimia 7.65, yaani dola 45.90, kabla ya kodi ya mapato. Saa zinazozidi 40 kwa wiki, kazi nyingi zinapaswa kulipwa mara moja na nusu.

Leseni ya Kenya haikufanyi dereva wa trela huko. Utasoma upya, utapimwa afya, na polisi wa barabarani anaweza kupima Kiingereza chako. Gari huenda kulia, kwa hiyo rudia kukata kona ya kushoto hadi mwili uzoee. Na kwenye dirisha la leseni, karani akiuliza kama wataka kujiandikisha kupiga kura, sema hapana na usitie alama kisanduku hicho: asiye raia akijiandikisha huhesabiwa amedai uraia kwa uongo, na anaweza kurudishwa kwao.