Girona hadi Olot na kurudi: jinsi ya kupanga mzunguko wa baiskeli kwa kuufuata mto

Wengi wakifungua ramani ya Catalonia hutafuta mlima kwanza. Wanaona jina la Rocacorba, wanaliweka katikati, kisha wanalazimisha barabara zilizobaki zizunguke hapo. Mimi huanza na mto. Maji yalishapita penye mwinuko mdogo kuliko kwingine, na kando ya mito mingi ya Hispania kuna barabara ya zamani iliyokuwapo kabla ya barabara kuu mpya kujengwa. Magari yamehamia kwenye ile mpya, sisi tumeachiwa ile ya zamani.

Mzunguko ninaoeleza hapa uko kaskazini-mashariki mwa Hispania: Girona, Banyoles, Besalú, Castellfollit de la Roca, Olot, Santa Pau, Mieres, Banyoles tena, Girona. Ni karibu kilomita 110. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida ajitengee saa tano hadi sita za kunyonga, mbali na kupumzika na kula.

Hatua ya 1: Jua maji yanaelekea wapi

Mto unaotuhusu ni Fluvià. Unapita Olot, kwenye mita 443 juu ya usawa wa bahari, unateremka chini ya Castellfollit, kisha unafika Besalú penye mita 150 hivi. Ukitoka Besalú kwenda Olot unapanda, ndiyo, lakini unapanda mita 300 tu ndani ya kilomita 20 na ushee. Ni wastani wa chini ya asilimia 2. Miguu inapata joto bila kugundua kwamba inapandishwa.

Kwa hiyo zunguka hivi: bonde asubuhi, mlima mchana chini ya kivuli cha msitu, mteremko mwishoni. Ukigeuza mwelekeo inawezekana pia, ila utapanda toka Mieres hadi Santa Pau juani, na bonde zuri la Fluvià utalipita mbio bila kulitazama.

Hatua ya 2: Soma herufi kabla ya kusoma kilomita

Hapa ndipo mgeni hupotezea raha ya safari, kwa hiyo nenda taratibu. Kila barabara ina herufi na namba. A-26 ni barabara kuu ya njia mbili kila upande. Sheria ya Hispania inamruhusu mwendesha baiskeli aliyezidi miaka 14 kupita pembeni mwa barabara ya aina hiyo pasipokuwa na kibao cha kukataza, lakini ruhusa si sababu ya kupita. Malori yanakuvuta na upepo wake. C-66 ina magari mengi pia. N-260 ya zamani, iliyo sambamba na A-26, imebaki kwa wenyeji na matrekta: hiyo ndiyo yako. GI-524, kutoka Olot kwenda Banyoles kupitia Santa Pau na Mieres, ndiyo tamu ya siku. Na ukiona GIV ikifuatiwa na tarakimu nne, jua ni barabara ya vijijini. Nyembamba, kona nyingi, magari ya kuhesabu.

Ukichora njia kwenye programu ya simu, isikuamulie. Mara nyingi inachagua iliyo fupi. Vuta mstari kwa kidole mpaka ukae kwenye barabara ya zamani, kisha kuza ramani uhakikishe katika kila makutano kwamba haujarukia A-26. Pakua ramani ya kutumia bila intaneti, maana mabondeni mtandao hukatika.

Hatua ya 3: Baiskeli

Girona imejaa maduka ya kukodisha baiskeli za mbio, kwa sababu waendeshaji wa kulipwa wengi wanaishi na kufanya mazoezi pale. Omba gia nyepesi: meno 34 mbele na 32 nyuma yanatosha kwa vilima hivi. Tairi za milimita 28 ndizo nzuri, kwani barabara ndogo zina lami ya kokoto inayotetemesha mikono. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 65 hadi 75 unatosha. Beba tyubu mbili, viraka na sulesheni yake, pampu, na spana za kukunja.

Sasa jambo moja usilipuuze. Simama dukani, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, kisha bana breki ya mkono wa kushoto. Gurudumu litasimama. Hispania breki ya mbele iko kushoto. Baiskeli nyingi za kwetu iko kulia. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye kona ya mteremko, mkono ukibana kwa mazoea, unaweza kurushwa juu ya usukani. Mwombe fundi akubadilishie nyaya, ni ombi la kawaida. Akishindwa, zunguka mtaani ukifunga breki mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 4: Upande wa kulia

Tuliozoea kushoto tunaweza kushika kulia bila shida pakiwa na magari. Hatari ni asubuhi mapema, barabara tupu, unatoka mgahawani huku unatafuna: mwili unakwenda kushoto wenyewe. Kila unapoanza upya, jisemee kwa sauti, kulia. Kwenye kipilefti unaingia ukielekea kulia na kumpisha anayetoka kushoto kwako.

Mengine kwa ufupi. Helmeti ni lazima nje ya mji, kwa umri wowote. Spika za masikioni haziruhusiwi. Kipimo cha pombe kinakuhusu wewe kama kinavyomhusu mwenye gari. Mnaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba. Gari linalowapita lazima liache angalau mita 1.5, na dereva anaruhusiwa kukanyaga mstari usiokatika ili kuwapita, mradi mbele ni salama, kwa hiyo usishangae kuona gari likitoka upande wake mzima kwa ajili yako. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 5: Girona hadi Besalú

Ondoka saa moja asubuhi. Acha C-66, pitia Palol de Revardit na Camós, vilima vidogo vya mashamba na nyumba za mawe. Banyoles ina ziwa; mashindano ya makasia ya Olimpiki ya 1992 yalifanyika humo. Kunywa kahawa, jaza maji, endelea na barabara ya zamani kupitia Serinyà.

Kuhusu maji: vijijini kuna bomba au chemchemi karibu na kanisa au uwanja. Soma kibao. *Potable* ni ya kunywa. *No potable* au *no tractada* achana nayo, hata kama mzee wa pale anajaza dumu lake.

Besalú utaijua kwa daraja la mawe la Zama za Kati, lililopinda katikati kwa sababu nguzo zake ziliegemezwa kwenye miamba iliyokuwapo mtoni. Daraja ni la waenda kwa miguu. Shuka, sukuma baiskeli. Viatu vyenye klipu vinateleza kwenye yale mawe.

Hatua ya 6: Besalú hadi Olot

Shika N-260 ya zamani kupitia Argelaguer na Sant Jaume de Llierca. Usiongeze kasi. Mwinuko mdogo unadanganya, unajiona una nguvu kumbe unatumia akiba ya mchana. Kula kitu kidogo kila baada ya nusu saa, tende au ndizi, hata kama huna njaa.

Kisha inatokea Castellfollit. Kijiji kimekaa ukingoni mwa ukuta wa basalti wa karibu mita 50 kwenda juu na karibu kilomita nzima kwa urefu, na nyumba zimepangwa mpaka mwisho wa mwamba. Ukuta huo ni mito miwili ya lava, mmoja wa miaka 217,000 iliyopita, mwingine wa miaka 192,000, iliyolundikana kisha ikachongwa na Fluvià na kijito cha Toronell. Utazame ukuta huo ukiwa bado chini, kabla barabara haijapanda kuingia kijijini. Ukishafika juu huuoni tena, umesimama juu yake. Ukitoka hapo pindia Sant Joan les Fonts, uingie Olot kwa njia hiyo.

Wakatalunya husema isiponyesha Olot, hainyeshi popote. Beba koti jembamba la mvua hata kama Girona kumekucha jua. Mei na mwisho wa Septemba ndiyo majira bora. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30.

Hatua ya 7: Msitu na volkano

Toka Olot kwa GI-524. Unaingia Fageda d'en Jordà, msitu wa fagasi (miti mirefu ya Ulaya inayopukutisha majani) uliootea juu ya lava ya volkano ya Croscat. Ardhi imejaa vinundu vya mawe chini ya majani, na kivuli ni kizito kiasi kwamba utavua miwani ya jua. Ndani ya msitu kuna ushirika wa mtindi, La Fageda, ulioanzishwa 1982 kuwapa kazi watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili. Mtindi wake unauzwa madukani Catalonia nzima.

Mpando si mrefu, lakini unakukuta ukiwa na zaidi ya kilomita 50 miguuni. Weka gia nyepesi mapema, kaa kitini, pumua. Ukipita kati ya Croscat na volkano jirani ya Santa Margarida, kazi kubwa imekwisha.

Teremka Santa Pau. Jikoni hufunguliwa saa saba mchana na kufungwa saa tisa na nusu hivi. Ukichelewa utaambulia biskuti. Chakula cha pale ni *fesols*, maharage meupe madogo yanayolimwa kwenye udongo wa volkano. Kwa kawaida huletwa na *botifarra*, soseji ya nguruwe. Usiyekula nguruwe sema *sense porc* mapema, kisha uliza kama maharage yenyewe yamepikwa na mafuta yake. Mkate wa kimanda, *entrepà de truita*, hauna mgogoro. Na usijaze tumbo sana.

Hatua ya 8: Kurudi

Santa Pau hadi Mieres kona zimefuatana. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ndani yake, tazama unakotokea na si ukingo. Palipo na kivuli cha miti lami hubaki na unyevu mpaka mchana. Baada ya Mieres usidhani ni mteremko mtupu. Kuna vipande vya kupanda kabla ya ziwa, na huko ndiko wengi huishiwa maji. Jaza chupa Mieres.

Ukifika Banyoles umechoka kweli, rudi kwa njia ile ile ya Camós. Kama ni jioni washa taa ya nyuma, nyekundu ya kumweka, hata kabla jua halijazama, maana magari ya wanaotoka kazini huongezeka ukikaribia Sarrià de Ter. Miguu ikiwa bado inataka kesho yake, chukua GIV-6703 kutoka Girona hadi Els Àngels, mita 485, kanisa la mlimani walikofunga ndoa mchoraji Salvador Dalí na Gala mwaka 1958, na ushukie Madremanya.