Kuvua besi ukiwa majuu: ununue nini, uache nini dukani, na ukija Nairobi ubebe nini

Wasee wa majuu, hii ni yenu. Kuna hii picha huwa natumiwa kila mara, ukuta mzima wa duka la vifaa vya uvuvi, chambo za plastiki zimening'inia kutoka juu mpaka chini rangi zote za dunia, alafu swali ni moja tu, "buda, hapa naanzia wapi?" Anayeuliza ako Minnesota ama Dallas ama pale Lowell, amealikwa na mtu wa kazini waende kuvua besi, yule samaki, Jumamosi na hataki kuonekana mshamba. Jibu langu ni rodi moja (fimbo ya kuvulia), rili moja (gurudumu la kukunjia mshipi), mshipi mzuri (uzi wenyewe) na aina tatu za chambo, ya nne ingoje mwaka wa pili. Zingine utaongeza ukishajua maji ya huko kwenu yanataka nini, na kusema ukweli watu wengi hawafiki hapo, wananunua tu.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, angalia uko nchi gani. Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa wa maji baridi, kwao ni Amerika Kaskazini, mwindaji anayejificha kwa nyasi ama chini ya mti ulioanguka ndani ya maji akingoja kitu kipite. Ukiwa Uingereza ukisikia mtu anasema besi ujue anamaanisha samaki wa baharini, mwingine kabisa, vifaa vingine na sheria zingine, huyo akiwa chini ya sentimita 42 unamrudisha. Ujerumani kwa kawaida unafanya kozi na mtihani ndio upewe kibali, na huko kuvua kwa raha tu alafu unamwachilia samaki kunaweza kukukosanisha na sheria yao ya wanyama. Japani wako nao tena wengi, lakini wanahesabiwa kama wageni waharibifu na tangu 2005 kumsafirisha akiwa hai ni kosa. Kwa hivyo mengi ya hapa chini ni ya walio Marekani, wengine chukueni yanayowafaa.

Leseni. Marekani kila jimbo lina yake, unanunua kwa mtandao dakika chache tu, na ya mkaazi ni rahisi kuliko ya mgeni kwa hivyo ukihama jimbo badilisha kitambulisho mapema. Watoto mara nyingi hawahitaji, majimbo mengi ni chini ya miaka 16. Usijiambie eti ni kidimbwi tu cha mtaani nani ataniuliza, askari wa wanyamapori wa huko anakuja ata Jumapili, na wewe mwenye makaratasi ya uhamiaji yanasubiri hutaki jina lako liandikwe mahali popote kwa sababu ya samaki. Ukisoma sheria za jimbo angalia pia mambo ya risasi, ile metali nzito: Massachusetts kwa mfano chubwi (vizito vya kuzamisha chambo) na jigi (ndoana zenye kichwa kizito) za risasi zenye uzito chini ya aunsi moja zimekatazwa kwa maji ya bara, juu ndege wa majini wanazimeza zinawaua, so hapo unanunua za tangsteni, metali nyingine nzito, bei iko juu kidogo lakini ni ndogo kwa umbo na unasikia chini ya ziwa vizuri zaidi, mimi ningezichukua ata bila sheria.

Sasa rodi na rili. Hapa ndio wavuvi wa kujifurahisha hugombana kama mashabiki wa mpira wa Gor na Ingwe. Kuna wale wa beitikasta, rili inayokaa juu ya rodi, watakuambia bila hiyo wewe bado ni mtoto, na ni kweli ina nguvu na unalenga nayo vizuri ukiizoea, lakini mwanzoni ukirusha usipobana kwa kidole gumba mshipi unajisokota humo ndani mpaka unautoa na mkasi, na Jumamosi imeisha. Anza na rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya rodi, saizi 2500 ama 3000, rodi ya futi 7 ama karibu hapo, nguvu ya kati, ncha inayorudi haraka. Seti ya Ugly Stik ama nyingine ya bei hiyo inatosha kabisa, hizo rodi huwa ngumu kuvunjika na mtu wa kujifunza anazikanyaga, anazifungia mlango wa gari, maisha yanaendelea. Mzee wa kazini akianza kukuambia kampuni ya Shimano hivi, ya Daiwa vile, itikia tu kwa heshima. Pesa ukiwa nayo ya ziada iweke kwa rili kabla ya rodi, na kabla ya hizo zote iweke kwa mshipi na ndoana.

Juu ya mshipi watu hawafikirii. Mono, uzi mmoja wa nailoni, inavutika na inaelea kiasi, ni rahisi, inafaa chambo za juu ya maji. Flurokaboni, uzi mmoja wa plastiki nzito zaidi, inazama na haionekani sana majini. Breidi, nyuzi zilizosukwa pamoja, karibu haivutiki kabisa, unasikia ata jani likiguswa, na kwa nyasi nzito inakata njia. Kwa rili ya spini mimi napendelea breidi ya paundi 10 ama 15 alafu mbele unafunga futi chache za flurokaboni ya paundi 8 ama 10. Fundo jifunze moja, Palomar, lifunge usiku ukiangalia mpira mpaka mikono ijue, na lilowanishe na mate kabla ya kukaza. Samaki wakubwa wengi hupotea kwa fundo, hawapotei kwa rodi.

Haya tuje kwa chambo zenyewe, hapa nitakaa.

Ya kwanza na kama ni moja tu basi ni hii, mnyoo wa plastiki. Hii kitu ilianza na Nick Creme, fundi wa Akron, Ohio, alikuwa akichemsha plastiki jikoni na mke wake, hiyo ni mwishoni mwa miaka ya 1940, na mpaka leo hakuna kitu kimeishinda kwa mtu anayeanza. Tafuta ile nene iliyonyooka ya inchi 5, Senko ya Gary Yamamoto ndio maarufu lakini kampuni zingine nyingi zinatengeneza zinazofanana, rangi chukua kijani cha maboga na nyeusi yenye bluu, umemaliza. Kwa maji yenye nyasi na miti funga rigi (namna ya kupanga ndoana na chambo) ya Texas: chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki inateleza kwa mshipi, ndoana ya saizi 3/0 ama 4/0 iliyopinda shingoni unaingiza kichwani mwa mnyoo, unaitoa kando, unaigeuza na kurudisha ncha ndani ya mwili, sasa haishiki nyasi. Irushe karibu kabisa na kificho, iache ifike chini, inua ncha ya rodi taratibu, shusha, subiri. Subiri tena. Besi wengi wanachukua ikishuka, utaona tu mshipi unatembea kando bila wewe, hapo usishangae, peleka rodi juu. Kwa maji matulivu ondoa chubwi, choma ndoana katikati ya mnyoo, ncha zote mbili zinatikisika ikizama polepole, hiyo ni rigi ya waki na inaonekana upuzi mpaka uione ikifanya kazi.

Ya pili ni spinabeti, yenye vibao vinavyozunguka. Hii ni ya kutafuta samaki wako wapi, unarusha unavuta unarusha unavuta, nzuri siku ya upepo na maji yenye tope juu besi anasikia mtikisiko ata kama haoni. Ya tatu jigi na kipande cha plastiki nyuma chenye makucha, inaiga kamba wa maji baridi, inatambaa chini. Ya nne chura wa mpira wa kupita juu ya nyasi asubuhi na jioni, na hapo ndio utahitaji breidi ya paundi 40 ama 50 na rodi nzito, kwa hivyo iache mwaka wa pili. Krenkbeti, zile za plastiki ngumu zenye ulimi mbele, ni tamu lakini zina ndoana mbili za meno matatu, na kila moja ikishika mti chini ya maji ni dola zimeenda.

Na usidanganywe eti lazima uwe na ya kisasa. Rekodi ya dunia ya besi bado ni paundi 22 na aunsi 4, kilo kumi na kidogo, George Perry alimtoa jimbo la Georgia tarehe 2 Juni 1932, na Manabu Kurita akaifikia rekodi hiyo Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009 akitumia samaki hai kama chambo. Hiyo ni baada ya miaka 77 ya wataalamu kubuni chambo mpya.

Sasa ukipata likizo ya kuja nyumbani, usiache hizi vitu kwa gereji. Besi yule yule ako Naivasha, kama kilomita 90 kutoka hapa Nairobi, aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo huu huu. Na wale kamba wekundu wa Louisiana wakaletwa ziwani baadaye, mwaka 1970, kwa hivyo besi wa huko anakula kitu kile kile wenzake wa Marekani wanakula, ndio maana jigi ya kahawia ama nyekundu iliyofifia inafanya kazi. Maji yake mara nyingi si meupe, beba spinabeti na ile minyoo nyeusi. Ziwa lilipopanda sana mwaka 2020 likameza miti ya pembeni, na miti iliyokufa ndani ya maji ni nyumba ya besi, rigi ya Texas hapo ndio kwao. Hakuna baridi ya barafu, kwa hivyo ile hesabu yote ya majira mliyojifunza huko mnaiweka kando, mnahesabu upepo tu: asubuhi kimya, mchana unachafuka. Tokeni Nairobi na giza, na kama huna gari matatu ni pale Nyamakima. Beba jaketi, ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya bahari.

Usivulie ukiwa umesimama ukingoni kwa nyasi, kuna viboko na hawana utani, chukua boti na kijana anayejua ziwa, vaa laifu jaketi, na mkiwa pale Karagita ama Kamere uliza kwanza kwa ofisi ya uvuvi habari ya kibali na kama ziwa liko wazi, juu kuna wakati hufungwa samaki wazaane.

Kwa ndege, rodi ya kukunjika vipande vinne inaingia kwa sutkesi, ndoana na chambo zote zenye ncha weka kwa mzigo wa chini, zifunikwe vizuri asije mtu wa ukaguzi akajichoma. Rili beba mkononi. Na minyoo ya plastiki lete pakiti nyingi kuliko unavyofikiri, huku kupata hizo ni kazi, na yule kijana wa boti atakuuliza kama umebakisha.