SOMO: Kozi ya ufundi, ujisomee kwa simu au ukae na mwalimu? Pitia hapa kabla hujalipa ada

Habari zenu wakuu. Wiki hii inboksi nimeulizwa mara nne swali lilelile, "kaka nataka umeme wa majumbani, nichukue kozi ya kwenye simu au niende chuo", nimeona niandike hapa mara moja yaishe. Mi ni fundi umeme, nilianza na video nikaja kumalizia darasani, kwa hiyo kote nimepita.

HATUA YA 1. Omba orodha ya mada za hiyo kozi, wakikunyima toka nduki. Piga mstari katikati ya daftari, kushoto andika vitu vya kichwa na kulia vya mikono. Kwa umeme, alama za kwenye mchoro, hesabu za mzigo, kwa nini taa tunatumia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5, erthi inafanya kazi gani, hivyo vyote ni vya kichwa na simu inavifundisha vizuri tu, tena pengine kumzidi mwalimu mwenye wanafunzi arobaini, maana unarudisha nyuma hata mara kumi na hakuna wa kukucheka. Kulia sasa: kumenya waya bila kukata nyuzi, kukunja bomba, kukaza skurubu, kupima kwa mita.

HATUA YA 2. Kila kitu cha kulia jiulize, nikikosea nani ataona? Hapa ndo penyewe. Mi soketi nilijifunza kwa video, nikaenda kufunga kwa mjomba, chaji inaingia, pasi inachemka, nikajiona fundi. Baada ya miezi kama mitatu ananipigia soketi imekuwa ya kahawia na chumba kinanuka plastiki. Kufungua, kumbe waya niliumenya kidogo mno, skurubu imekaza juu ya ganda na shaba imeshikwa kwa nchani tu, sasa pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 4 na ushee, lazima pale pachemke. Na ile video haikuwa na kosa hata moja, ila mkono wangu haikuuona. Darasani siku ya kwanza mwalimu aliushika waya wangu kwa vidole viwili, akavuta, ukachomoka, akanitazama tu akahamia meza nyingine.

HATUA YA 3. Jipime. Kozi za simu wanakwambia unasoma kwa "muda wako", na kwa wengi wetu maana yake ni kesho. Chukua masomo ya bure, saa moja kila siku kwa wiki mbili, ukiona siku ya kumi bado upo basi unaweza.

HATUA YA 4. Piga hesabu yote, sio ada peke yake. Chuo kina nauli na kodi ya chumba, simu ina bando, testa, plaizi, mita na waya wa kuharibu. Kuchomelea ndo usiseme, nani atakuazima mashine na vijiti umalizie kujifunzia?

HATUA YA 5. Uliza karatasi. Leseni ya kufunga umeme huku Tanzania inatolewa na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na wanaangalia cheti kinachotambulika pamoja na uzoefu, usije ukawapelekea cheti ulichojiprintia baada ya kumaliza video. Na hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, walipoleta VSOMO (kozi za ufundi kwa simu) na Airtel mwaka 2016, nadharia ilikuwa kwenye simu lakini vitendo unaenda kufanya chuoni. Kama hujui uchague nini, mi ningekwambia mchanganyiko wa namna hiyo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mi nataka ushonaji, cherehani ninayo na nina watoto wadogo wawili, chuo siwezi kabisa.
Jibu: Dada anza nyumbani. Ushonaji kosa unaliona mwenyewe, kola ikipinda imepinda. Kata kwanza kwenye magazeti, halafu nguo tatu za mwanzo mpelekee fundi wa mtaani akuangalizie mikono na zipu, hata kwa kumlipa soda.

Swali: Nina miaka saba nachomelea mageti, cheti sina, ndo nianze darasa moja na watoto?
Jibu: Hapana mkuu. Nenda VETA ulizia kurasimisha ujuzi, wanakupima unachokijua, penye pengo wanakufundisha, unapata cheti. Kama uko Kenya ulizia mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, una gredi tatu, ya III ndo ya chini.

Swali: Hizi za Zoom mwalimu yupo laivu, tuziweke kundi gani?
Jibu: Inategemea na kozi. Kuchora ramani kwenye kompyuta safi kabisa, anaona skrini yako. Kwa umeme ulizia mko wangapi na kama kila mtu anaonyesha kazi yake kwenye kamera, mkiwa mia hiyo ni video tu yenye ratiba.

Swali: Na mjomba aliishia wapi?
Jibu: 😂 Nilibadilisha soketi zote sita kwa hela yangu. Hadi leo nikienda kumsalimia anainama ananusa ile ya pasi kwanza, ndo ananiambia karibu mwanangu.