Somo: Kutundika kanga za kumbukumbu kwa kazi ya pamoja

Nimeandika somo hili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno jinsi kina mama wa Tanga tunavyotengeneza chumba cha maonyesho ya kanga na hadithi za bibi zetu.

1. Tafuta chumba chenye madirisha yanayofungwa, maana kusi hupeperusha kila kitu.

2. Funga kamba mita moja na robo tatu kutoka sakafuni, ili jina la kanga, ambalo huwa juu kidogo ya pindo la chini, limfikie machoni aliyeketi mkekani.

3. Rekodi hadithi kuanzia "Paukwa!", na umuulize msimulizi kipi kisitoke nje. Ya unyago yabaki unyagoni.

4. Usifue. Hapa ndipo nilipoharibu. Bibi mmoja aliniletea kanga ya marehemu mama yake, imekunjwa mara nne, rangi imefifia kwenye mikunjo, nami kwa nia ya kuiheshimu nikaifua kwa sabuni na kuipiga pasi. Alipoipokea hakuitazama, aliipeleka puani, akanyamaza, kisha akasema udi wa mama yake umekwisha. Harufu iliyotunzwa sandukuni miaka yote niliiondoa kwa asubuhi moja. Kwa hiyo usifue, usipige pasi, usinyunyize manukato, wala usitoboe kitambaa kwa pini, tumia vibanio. Doa la mafuta ya nazi liache. Ukiona kuvu, mwite mwenye kanga aamue mwenyewe.

Swali: Kamba iwe juu kiasi gani?
Jibu: Soma hatua ya pili.

Swali: Tukinunua kanga mpya tukazichovya kwenye chai zionekane kuukuu?
Jibu: Hilo sitalifundisha. Kina mama hawa wanaleta kanga za watu waliowalea.

Swali: Dada, mama alipofariki tuligawana doti na mdogo wangu. Yeye husema mama aliinunua. Mimi nakumbuka alipewa na baba walipopatana. Tusimulie lipi?
Jibu: Yote mawili, mpenzi. Tundikeni vipande vikitazamana, kwa kuwa jina ni lile lile, muache nafasi ya mtu mmoja kupita katikati, na kila mmoja aketi chini ya kipande chake asimulie anavyokumbuka. Msisahihishane kabla ya siku hiyo. Nitafurahi kuja kuwasikiliza.

Swali: Na wadudu, baada ya maonyesho?
Jibu: Kausha majani ya mwarobaini kivulini, yatie kwenye kifuko cha kitambaa, ukiweke pembeni mwa sanduku bila kugusa kanga. Vidonge vya kufukuzia wadudu wa nguo usivitumie. Harufu yake hufunika udi wote.